Matone Bawani: Maisha ya Marehemu Hedley John Yelland, 1946–2023

Picha iliyo kwenye jalada la ratiba mliyoshika ilipigwa na marehemu kaka yangu siku kumi na moja kabla hajafa. Wengi mmeniambia pale mlangoni kwamba ni nzuri, na ni nzuri kweli. Kwa ajili ya picha hiyo, Bwana Desmond Northcott, aliyekaa safu ya pili na barua mfukoni, atasimama tukishamaliza kuzika amrudishie marehemu heshima aliyonyang'anywa na Chama cha Vipepeo cha Widdacott mwaka 1994. Barua hiyo familia yetu imeisubiri miaka ishirini na tisa. Naomba isisomwe kabla sijafika mwisho. Jalada lilichapwa wiki iliyopita, lakini karatasi hii ya ndani nimeiandika upya juzi, na hivyo viwili havipatani. Mimi ni Una, dada yake mdogo, na kwa asiyenijua, ndimi niliyewapikia watoto wenu shuleni miaka thelathini, kwa hiyo mtanivumilia.

Marehemu Hedley John Yelland alizaliwa Jumapili, tarehe 3 Machi 1946, katika nyumba ya pili kutoka kanisa hili, hapa Widdacott, Devon. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Bwana Ernest Yelland na Bi. Olive. Baba yetu alikuwa mkata miti katika msitu wa Hallow. Kila majira ya baridi alifyeka kipande kimoja na kuacha visiki vichipue upya, na masika ikifika jua liliingia pale, maua ya urujuani yakachanua, na kipepeo wa lulu akaja. Ni kipepeo mdogo, rangi ya machungwa, na chini ya bawa lake la nyuma, ukingoni, ana madoa saba meupe yaliyojipanga kama shanga za lulu. Hedley alimwona wa kwanza akiwa na miaka minne, ameketi begani kwa Baba. Kazi ya Baba ilipokufa, msitu ukajifunga, giza likaingia, na kipepeo wa lulu akatoweka. Wa mwisho kuandikwa katika msitu huo alikuwa wa mwaka 1976.

Marehemu alisoma Shule ya Msingi ya Widdacott tangu 1951 hadi 1957, kisha sekondari mjini Newton Abbot hadi Julai 1961. Ripoti yake ya mwisho ilisema, "Anatazama sana nje ya dirisha," na Mama akaificha nyuma ya saa ya ukutani. Dawati alilokalia alikaa na Desmond Northcott, na wawili hao walikuwa chanda na pete. Kila Jumapili ya kwanza ya Mei walitoka na mikate ya mayai, thamosi moja ya chai, na kamera ya kuazima, nami nyuma yao nimebeba makoti.

"Una, kivuli chako," Hedley angesema bila kugeuka.

"Kivuli changu kimefanya nini tena?"

"Kimemwangukia. Ameruka."

"Basi mwambie arudi."

"Mwambie wewe, si ndiye uliyemfukuza," Desmond angedakia, na wangecheka mpaka thamosi imwagike. Nusu ya utoto wangu nimeambiwa nihamishe kivuli.

Tarehe 4 Februari 1963 marehemu aliajiriwa na posta. Alipeleka barua kwa miguu, kisha kwa baiskeli, kisha kwa gari jekundu, hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2006. Hakuna uzio wa miti asioujua kuanzia hapa mpaka daraja la juu. Bi. Prudence Luscombe, ambaye yuko nasi leo, aliwahi kumkuta amelala kifudifudi mtaroni, mfuko wa barua mgongoni, akadhani moyo umesimama.

"Hedley, u hai?"

"Ni hai, Bi. Prudence. Usisogee tafadhali."

Bi. Prudence alisimama dakika kumi, mguu mmoja juu, kwa sababu ya kipepeo mwenye ncha za mabawa za rangi ya machungwa aliyetua karibu na kiatu chake. Barua yake ya bima ilifika imelowa, na hakumshitaki.

Kwa wale wasio wa chama, niseme jambo moja ili tuelewane. Watu hawa hawapigi picha tu. Kila wiki, tangu Aprili mosi hadi mwisho wa Septemba, mtu anapita njia yake ileile, hatua zilezile, siku yenye jua na joto lisilopungua nyuzi kumi na tatu, na anaandika daftarini kila kipepeo aliyemwona. Kama hakuna, anaandika sifuri. Hedley alipewa njia ya msitu wa Hallow mwaka 1979, na hakuiacha hata alipokuwa na homa. Wao husema sifuri ya kweli ina thamani kuliko kipepeo wa kubahatisha. Miaka yote hiyo niliona ni upuuzi wa wanaume wasio na bustani ya kulima.

Jumamosi, tarehe 14 Septemba 1974, marehemu alifunga ndoa na Bi. Rosalind Chudleigh mbele ya madhabahu hii. Bibi harusi alitaka Mei. Aliambiwa Mei bwana harusi ana kazi. Rosalind alicheka na kukubali Septemba, na sisi tukajua hapo hapo kwamba huyu atamweza. Walijaliwa binti mmoja, Imogen, tarehe 11 Juni 1977. Rosalind alitangulia mbele ya haki tarehe 19 Novemba 2009, naye amelala hapa upande wa ukuta, mahali ambapo leo tunamlaza mumewe.

Sasa nafika mwaka 1994. Ningeweza kupita pembeni kama tulivyopita wote miaka yote hii, lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo kimeshafika.

Jumapili, tarehe 15 Mei 1994, marehemu aliondoka nyumbani kabla ya jua na kurudi saa mbili asubuhi, suruali imelowa hadi mapajani, hawezi kuongea vizuri. Alisema amemwona kipepeo wa lulu msituni, mahali mti mkubwa ulipoanguka na kufungua mwanga. Alimkuta amelala juu ya jani kavu la kangaga, mabawa yamefungwa, amefunikwa na umande. Alipiga picha nne. Mwezi wa Julai, tarehe 7, picha moja ilioneshwa ukutani katika ukumbi wa kijiji, na mimi nilikuwapo, kwa sababu keki za mkutano nilioka mimi. Watu walipiga makofi. Kisha Desmond, wakati huo akiwa mtunza orodha wa chama, alisimama.

"Hedley, hayo matone bawani ni ya nini?"

"Umande."

"Saa ngapi hiyo?"

"Kumi na moja na nusu alfajiri."

"Ulikuwa na nani?"

"Peke yangu."

"Saa kumi na moja na nusu, peke yako, kipepeo ambaye hajaonekana miaka kumi na minane, naye katulia tuli umpige picha nne." Desmond aligeukia watu. "Kila mtu humu ndani anajua matone ya friji."

Maana yupo mtu anayenunua au kufuga kipepeo, akamtia kwenye friji mpaka agande asiweze kuruka, kisha akamweka juu ya ua na kumpiga picha, na huyo kwao ni sawa na mwizi wa sadaka. Akitoka kwenye baridi, unyevu humganda matone madogo madogo. Hedley alisimama pale mbele, mwanga wa picha ukimpiga usoni, akasema, "Desmond, mimi na wewe tumekaa dawati moja." Desmond akasema, "Ndiyo maana nimekuuliza mbele ya watu, si nyuma yako." Walipiga kura ya mikono. Kipepeo akafutwa kwenye orodha, na Hedley akafutwa kwenye chama.

Mnajua kijiji. Kwenye baa, mtu akiagiza bia baridi, mwingine angesema, "Mwambieni Hedley atutolee moja, lakini aangalie isiwe na mabawa." Rosalind alimwita Desmond nyumbani, akafungua mlango wa friji mbele yake na kumwambia, "Karibu utafute, ukikuta siagi ni ya Una." Desmond aliondoka bila chai. Tangu siku hiyo wawili hao hawakusalimiana, na kila wiki ya masika marehemu aliendelea kupita njia yake bila chama, bila mtu wa kumpelekea hesabu, akitafuta lulu mmoja tu wa kumwonesha Desmond. Masika ishirini na nane zikapita. Hakumpata.

Na mimi je? Mimi nilikula mezani pake kila Jumapili, na sikumwuliza hata mara moja. Sikumwuliza kwa sababu niliogopa jibu. Nilidhani alifanya. Nilidhani alimpenda mno yule kipepeo wa begani kwa Baba, mpaka siku moja akamtengeneza. Nilimsamehe kosa ambalo sikujua kama alilitenda, na nikajiona mwema kwa hilo.

Mwezi Oktoba 2021 marehemu aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa mapafu, yale yanayokauka na kujaa makovu. Mwaka uliofuata alitembea na mtungi wa oksijeni. Februari mwaka huu daktari alimwambia Imogen ahesabu kwa wiki, siyo kwa miezi. Nilipomwuliza anataka nini, hakutaka nyama wala kasisi. Alisema, "Nataka Mei." Na Aprili mwaka huu ilikuwaje, mnaijua wenyewe: mvua na upepo wa kaskazini, hata maua yalichelewa wiki mbili nzima. Alikaa dirishani, daftari mapajani, akiangalia kipimajoto. Nyuzi tisa, kumi, tisa, kumi na moja. Kila asubuhi nilisikia pumzi zake kutoka jikoni, na kila asubuhi zilikuwa fupi zaidi.

Hapo nikafanya nililofanya. Yuko mzee mmoja, simtaji, anayefuga vipepeo kwenye kibanda cha vioo nyuma ya nyumba yake, mbali na hapa. Jumatatu, tarehe 8 Mei, nilimwambia Hedley naenda kwa daktari wa meno. Nilikwenda kwa mzee huyo na keki ya matunda, nikarudi na kisanduku cha plastiki, na ndani yake lulu mmoja, jike, aliyetoka gandani siku hiyohiyo. Nilimweka kwenye friji yangu, kando ya siagi. Jinsi ya kufanya nilijua vizuri sana. Nilifundishwa na Desmond Northcott, ukumbini, mbele ya watu.

Jumanne, tarehe 9 Mei, jua lilitoka, na saa nne kipimajoto kikasoma nyuzi kumi na tano. Nilimtia marehemu kwenye kiti cha magurudumu, mtungi nikautundika nyuma, kisanduku nikakificha ndani ya mfuko wa mikate pamoja na barafu. Njia ya Hallow ina mizizi. Nilimsukuma, nikamvuta kinyumenyume, nikapumzika, nikamsukuma tena. Midomo yake ilikuwa ya buluu. Mara mbili nilimwuliza turudi.

"Hatua mia nne na kumi bado," alisema. "Nimezihesabu tangu 1979."

"Ukifa njiani, Imogen ataniua."

"Basi tutakuwa wawili. Sukuma."

Tulipofika pale mti ulipoangukia, nilisema natangulia kuangalia kama pamekauka. Nilipiga magoti nyuma ya kangaga, nikafungua kisanduku na kumweka lulu juu ya jani. Alikaa pale amelegea, hajui yuko wapi. Nilirudi na kumsukuma kaka yangu mpaka mahali pale hasa. Nikangoja.

Alimwona. Aliinua kamera polepole, akavuta pumzi, akaizuia, mtu ambaye hana pumzi ya kuzuia, akapiga moja. Kisha ya pili. Jua lilimpasha lulu, akafungua mabawa, akapanda juu na kuvuka miti. Hedley aliteremsha kamera na kutazama kioo chake kwa muda mrefu. Nilimwona anaikuza ile picha kwa kidole, anaisogeza, anaikuza tena.

"Umempata," nikamwambia. "Hedley, umempata."

"Ni mzuri," alisema. Akazima kamera. "Una, jino linaendeleaje?"

"Linaendelea."

"Waliling'oa?"

"Hawakuling'oa."

"Vizuri," akasema, na akanishika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu tukiwa watoto. "Tule ile mikate basi, kabla barafu haijailowesha."

Hakulitaja tena jambo lile, wala mimi. Marehemu alifariki dunia nyumbani kwake, Jumamosi, tarehe 20 Mei 2023, saa tisa na robo alasiri, binti yake akiwa kulia kwake na mimi kushoto.

Jumatatu iliyofuata nilitoa kadi kwenye kamera na kumpelekea Desmond picha ile. Sikuandika uongo. Niliandika tarehe na mahali tu, nikauacha uongo ujiandike. Desmond alikuja kwangu mwenyewe, mzee wa miaka sabini na saba, akasimama mlangoni kofia mkononi, akalia. "Alikuwa akisema kweli," aliniambia. "Una, alikuwa akisema kweli, nami nimemzika miaka ishirini na tisa kabla ya leo." Nikampa chai. Chama kikakutana, barua ikaandikwa, jalada likachapwa. Nililala vizuri usiku ule, namshukuru Mungu kwamba nimemsafisha kaka yangu.

Juzi Jumatano nilifungua daftari la marehemu kutafuta tarehe za wasifu huu. Nikafika ukurasa wa mwisho alioandika. Tarehe 9 Mei 2023. Joto nyuzi kumi na tano, jua, upepo hafifu kutoka magharibi. Ncha-machungwa, wawili. Kipepeo wa manjano, mmoja. Na kwenye mstari wa kipepeo wa lulu, kwa mwandiko wa mtu anayetetemeka lakini uliokolezwa mara mbili ili usisomwe vibaya, ameandika sifuri. Pembeni, kwenye sehemu ya maelezo: "Una kanisukuma njia nzima. Siku njema."

Tazameni jalada. Lulu mnazihesabu saba, wote mmeshazihesabu. Sasa tazameni juu ya lulu, bawani. Matone. Saa tano na nusu asubuhi, kangaga limekauka, jua limewaka kwa saa tatu, na kipepeo ana matone. Marehemu aliyaona kwenye kioo kabla sijamaliza kumpongeza. Chama kizima hakikuyaona. Mwaka 1994 mliyaona ya umande mkayaita ya friji, na mwaka huu mmeona ya friji mkalia.

Alikuwa na picha mkononi. Alikuwa na siku kumi na moja za kuishi, na hakuna duniani aliyejua isipokuwa mimi, ambaye nisingesema. Kilichobaki kilikuwa kuandika moja. Akaandika sifuri. Nimeuangalia ukurasa huo siku mbili, na sasa najua alichokiona alfajiri ile ya mwaka 1994 kama vile nilisimama naye. Nilipaswa kujua tangu hapo. Kaka, nisamehe, sikujua.

Desmond, barua hiyo irudishe mfukoni. Imeandikwa kwa sababu ya friji yangu. Lulu wa mwaka huu usimwingize kwenye orodha, ni wangu, na kama chama kina adhabu nitaipokea. Daftari liko pale juu ya jeneza, limefunguliwa. Njoo ulisome wewe mwenyewe kabla hatujatoka nje, halafu uamue kuhusu ile alfajiri ya 1994, mbele ya watu, kama ulivyopenda kuulizia.

Marehemu ameacha binti, Imogen, na mkwe, Gareth, wa Bristol; wajukuu wawili, Tamsin na Piers; rafiki mmoja wa dawati, kama atakubali kuhesabiwa; na dada mmoja, mimi, niliyemdanganya mara moja tu maishani naye akanijua papo hapo. Tunakwenda kumlaza kando ya mkewe. Mungu ampe pumzi ya kutosha huko aliko, na sisi tuliobaki tusilisafishe tena jina ambalo halikuwa chafu.